Sindano kwa Maumivu Sugu ya Goti: Kinachodungwa, Anayedungwa na Matarajio Yake

Katika kliniki za mifupa na viungo, ombi moja hurudiwa na wagonjwa wa makamo na wazee kuliko maombi mengine: “Daktari, magoti yangu yamekwisha mafuta. Nichome ile sindano ya kuyarudisha.” Ombi hilo limebeba picha kamili. Goti linafananishwa na bawaba ya mlango: ikikauka hulia, ikitiwa mafuta hunyamaza. Picha hiyo hueleweka upesi, na ndiyo maana imeuza sindano nyingi. Familia huchanga, mbuzi huuzwa, sindano tatu au tano hulipiwa moja baada ya moja, na miezi michache baadaye mgonjwa yuko palepale alipoanzia, akiwa amepungukiwa fedha.

Si kwamba sindano za goti hazina maana. Baadhi zina nafasi yake katika tiba, tena nafasi ya heshima. Tatizo huanza na jina. “Sindano ya goti” hutumika kwa vitu visivyofanana hata kidogo: dawa ya kutuliza uvimbe, majimaji mazito yaliyotengenezwa kufanana na ute, sehemu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, na hata diklofenaki inayochomwa takoni. Hii ya mwisho haifiki gotini ila kwa kuzunguka mwili mzima, na ikirudiwarudiwa huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Kwa hiyo mgonjwa anayesema “nimeshachomwa goti mara nne” bado hajaeleweka mpaka ijulikane alichomwa nini, na wapi.

Goti halikauki

Goti ni kiungo ambamo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, pia ya goti ikiwa mbele yake. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tishu laini na telezi isiyo na mishipa ya fahamu. Kiungo chote kimezungukwa na kifuko chenye utando wa ndani unaotengeneza ute. Katika goti lenye afya, ute huo wote kwa kawaida haujazi hata kijiko kimoja cha chai.

Katika osteoathritisi, ambayo wengi huiita kusagika kwa goti, gegedu hulika taratibu, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vichomozo pembeni, utando wa ndani huvimba, na misuli ya mbele ya paja hudhoofika kwa kutotumiwa. Maumivu hayatoki kwenye gegedu lenyewe, kwa kuwa halina fahamu. Hutoka kwenye mfupa, utando na kifuko. Ute nao haukauki. Goti lililovimba mara nyingi lina ute kupita kiasi, na si ajabu daktari kuvuta mililita 20 au 30 kutoka katika goti ambalo mwenyewe aliambiwa limekwisha mafuta. Kilichobadilika ni ubora: ute umekuwa mwepesi, kwa sababu nyuzi za asidi ya hayaluroniki, ambazo ndizo huupa uzito na utelezi, zimepungua na kukatika vipande vifupi.

Picha ya eksirei nayo huweza kupotosha. Wako wenye magoti yaliyolika sana ambao bado wanalima na kupanda ngazi, na wako wenye mabadiliko madogo ambao usiku hawalali. Anayetibiwa ni mtu, si picha.

Kabla ya sindano, lijulikane goti lina nini

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 huruhusu osteoathritisi kutambuliwa bila eksirei pale mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi anapopata maumivu yanayoambatana na shughuli, na ugumu wa asubuhi usiozidi dakika 30, ikiwa hakuna dalili za ugonjwa mwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa katika mazingira ya Afrika Mashariki.

Kijana wa miaka 32 mwenye goti moja lililovimba kwa miezi mitano si mgonjwa wa kusagika kwa goti mpaka ithibitike hivyo. Kifua kikuu cha viungo huenda polepole. Goti hujaa, paja hukonda, homa ikiwapo ni ndogo ya jioni, na mapafu yanaweza kuonekana salama kabisa. Steroidi ikidungwa katika goti la namna hiyo, uvimbe hupungua kwa wiki chache, mgonjwa hushukuru, na vimelea huendelea kuharibu kiungo huku kinga ya mahali hapo ikiwa imelazwa. Anaporudi, huenda gegedu lililokuwa la kuokolewa halipo tena. Kosa la aina hii halionekani siku linapofanyika, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Goti lililowaka moto ghafla, lisilokunjika hata kidogo, kwa mtu mwenye homa, ni dharura ya usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa huyo hapewi sindano ya steroidi, bali hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Gauti, au jongo, huweza kufanana nalo. Baridi yabisi hushika viungo vingi, hasa vidogo vya mikono, na ugumu wake wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na maumivu ya mfupa wenyewe. Tena wako wanaolalamikia goti ilhali ugonjwa uko nyonga; goti lao likikunjwa haliumi, lakini nyonga ikizungushwa wanaruka.

Ndiyo maana sindano ya kwanza katika goti lililovimba ni ya kuvuta kabla ya kuingiza. Ute wa osteoathritisi huwa wa rangi ya manjano mepesi, na gazeti lililowekwa nyuma ya sirinji husomeka kupitia humo. Ute uliochafuka kama maji ya mchele au usaha haurudishiwi dawa yoyote: hupelekwa maabara kuhesabiwa chembe nyeupe, kutafutwa vimelea na fuwele, na pale kifua kikuu kinaposhukiwa, kupimwa kwa GeneXpert, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekubali kitumike kwa ute wa viungo. Chembe nyeupe zikizidi 50,000 kwa milimita moja ya ujazo, usaha ndio unaoshukiwa kwanza, ingawa idadi ndogo zaidi haiwezi kuuondoa kabisa katika mawazo.

Steroidi

Mwaka 1951 Joseph Hollander na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitoa taarifa ya kudunga haidrokotisoni ndani ya viungo vya wagonjwa, mwaka mmoja tu baada ya Tuzo ya Nobel kutolewa kwa wagunduzi wa homoni za kundi hilo. Dawa zinazotumika zaidi leo ni triamsinoloni na methiliprednisoloni, mara nyingi miligramu 40 kwa goti, pamoja na ganzi kidogo. Ganzi hufanya kazi kwa saa chache. Steroidi huanza baada ya siku moja hadi chache, nayo hutuliza utando uliovimba.

Kwa muda gani? NICE hutaja wiki 2 hadi 10. Wako wanaopata zaidi na wako wasiopata chochote. Ikifika miezi sita, tafiti hazioni tena tofauti ya maana kati ya waliodungwa steroidi na wasiodungwa. Hii ndiyo habari ambayo mgonjwa anastahili kuambiwa kabla ngozi haijapakwa spiriti, si baadaye.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulifuatilia watu 140 kwa miaka miwili. Nusu yao walidungwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12, nusu nyingine maji ya chumvi. Mwishoni, maumivu hayakutofautiana. Gegedu lilitofautiana: waliopata steroidi walipoteza unene wa milimita 0.21 kwa wastani, wenzao milimita 0.10. Kiasi hicho ni kidogo, na haikuonekana kwamba waliopoteza zaidi waliumia zaidi. Hivyo si haki kumtisha mgonjwa kwamba sindano moja itamla goti. Lakini desturi ya “moja kila miezi mitatu”, ambayo hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kibali cha kudunga mwaka baada ya mwaka, ndiyo hasa iliyopimwa katika utafiti huo, na haikumsaidia mtu. Steroidi hufaa kwa goti lililofura na kuuma kupita kawaida, au kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia kuanza mazoezi. Haifai kuwa ratiba.

Majimaji mazito

Hizi ndizo “sindano za mafuta” au “za jeli” zinazoulizwa zaidi, nazo si mafuta. Ni asidi ya hayaluroniki, iliyotambuliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer kutoka katika jicho la ng’ombe. Inayouzwa hutolewa katika upanga wa jogoo au hutengenezwa kwa msaada wa bakteria. Marekani iliiruhusu kutumika gotini mwaka 1997.

Hoja yake inavutia: ute umepungukiwa na asidi hiyo, basi irudishwe. Lakini inayodungwa haikai gotini kwa muda mrefu. Huondolewa na mwili katika siku chache au wiki, kutegemea aina. Mwaka 2022 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha mapitio ya tafiti 169 zenye washiriki zaidi ya 21,000. Katika tafiti kubwa zilizolinganisha asidi hiyo na sindano ya bure, tofauti ya maumivu ilikuwa sawa na takriban alama 2 katika kipimo cha alama 100, kiasi ambacho mgonjwa hawezi kukitambua. Wakati huohuo madhara makubwa yalikuwa takriban mara moja na nusu zaidi kwa waliopewa dawa.

Miongozo haikubaliani kikamilifu. NICE inasema isitolewe. Chuo cha Rheumatolojia cha Marekani, mwaka 2019, kilishauri isitumike gotini, ingawa kwa masharti. Shirika la kimataifa la utafiti wa osteoathritisi, OARSI, mwaka huohuo liliiachia nafasi kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari anayeitumia hajatenda dhambi. Anayemshauri mgonjwa auze shamba kwa ajili yake, huyo ana la kujibu.

Damu ya mgonjwa mwenyewe, na seli shina

Katika tiba ya plazma yenye chembe sahani nyingi, damu ya mgonjwa huvutwa, huzungushwa kwa kasi katika mashine, na sehemu yenye chembe sahani hurudishwa gotini kwa matumaini kwamba viini vya ukuaji vilivyomo vitaponya tishu. Watu huipenda kwa sababu “ni damu yangu mwenyewe”. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uligawa watu 288 katika makundi mawili: sindano tatu za plazma, au sindano tatu za maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua amepata ipi. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalipungua kwa alama 2.1 kati ya 10 kwa waliopata plazma, na alama 1.8 kwa waliopata maji ya chumvi. Gegedu halikutofautiana.

Takwimu hiyo ya pili inastahili kutazamwa kwa utulivu. Maji ya chumvi yalipunguza karibu alama mbili. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kwa daktari yakiwa kileleni. Hivyo chochote kinachofuata huonekana kama dawa. Kusikilizwa, kushikwa goti na kuchomwa sindano navyo hutuliza. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani aliyepona kwa sindano ya gharama kubwa si uongo. Haumwambii tu msikilizaji kilichomsaidia jirani huyo ni nini.

Kuhusu seli shina maneno machache yatatosha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliohusisha watu 475 ulilinganisha aina tatu za tiba ya seli na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja hakuna iliyoishinda. Anayeuza seli shina kwa ahadi ya kuotesha gegedu jipya anauza ahadi.

Nani asidungwe, na nani aangaliwe kwa makini

Goti lenye kidonda au maambukizi ya ngozi mahali sindano itakapopita lisubiri. Goti bandia lisiguswe ila na mpasuaji. Mgonjwa aliyepangiwa kubadilishiwa goti asipewe steroidi ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa kuwa hatari ya maambukizi ya goti jipya huongezeka. Basi kabla ya kudunga goti lililolika sana, aulizwe kwanza kama ameshaanza safari ya upasuaji.

Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda, hasa katika siku chache za kwanza, na huenda ikachukua hadi wiki moja kutulia. Kama sukari yake tayari iko juu sana, ni busara kuishusha kwanza. Apime mara nyingi zaidi katika wiki hiyo, na aelezwe dalili za kumrudisha kituoni: kiu kali, mkojo mwingi, kulegea.

Lipo jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika kliniki za viungo. Mtu anayeishi na VVU anayetumia dawa zenye ritonavia, kama zilivyo nyingi za mstari wa pili zenye lopinavia au atazanavia, hawezi kuivunja triamsinoloni kama kawaida, kwa kuwa ritonavia huzuia kimeng’enya cha ini kinachofanya kazi hiyo. Sindano moja tu ya gotini huweza kuzunguka mwilini kwa wiki nyingi: uso ukavimba na kuwa wa duara, sukari na shinikizo la damu vikapanda, na tezi za juu ya figo zikalala. Methiliprednisoloni nayo huathiriwa. Dolutegravia, iliyomo katika dawa za mstari wa kwanza, haina tatizo hilo. Swali la dawa za ARV liulizwe faraghani, kwa heshima, na kila mara. Na jibu likiwa ritonavia, sindano isubiri mashauriano na kliniki ya tiba na matunzo. Mgonjwa asiache ARV ili adungwe goti.

Wagonjwa wa selimundu nao waangaliwe kwa namna ya pekee, kwa kuwa steroidi zimehusishwa na kuamka kwa maumivu makali ya ugonjwa wao.

Siku ya sindano

Mgonjwa hulala chali, goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo juu ya taulo. Njia inayopendelewa na wengi ni ya upande wa nje, juu kidogo ya pia ya goti. Ngozi husafishwa kwa klorheksidini au ayodini, na huachwa ikauke yenyewe. Kupuliza kwa mdomo ili ikauke haraka ni kuirudishia vimelea. Sindano isipoingia kwa ulaini, au dawa ikikataa kusukumika, haiko ndani ya kiungo. Isilazimishwe.

Goti huweza kuuma zaidi kwa siku moja au mbili, na uso huweza kupata joto. Ngozi huweza kupauka mahali sindano ilipopita, jambo linaloonekana zaidi kwa watu weusi na ambalo mgonjwa aambiwe mapema. Maambukizi ni nadra sana. Hata hivyo maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili au ya tatu, goti jekundu, au homa, ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Wiki zinazofuata

Ikiwa steroidi imefanya kazi, mgonjwa amepata wiki kadhaa za goti tulivu, na wengi huzitumia kupumzika. Hapo ndipo tiba hupotea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulilinganisha sindano ya steroidi na fiziotherapia kwa wagonjwa 156. Makundi yote yalianza na alama takriban 108 za maumivu na kushindwa kazi, katika kipimo kinachofika 240. Baada ya mwaka mmoja waliodungwa walikuwa na alama 55.8, na waliofanya fiziotherapia 37.0. Sindano haikushindwa kabisa, ilizidiwa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jengo. Kukaa kitini na kusimama bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, kuushikilia kwa kuhesabu hadi tano. Kutembea mahali tambarare. Maumivu madogo wakati wa mazoezi hayaharibu goti. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, si upande uleule kama wengi wafanyavyo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti takriban kilo nne za mzigo katika kila hatua, hesabu ambayo hakuna sindano inayoifikia. Na mama anayepika kwa kuchuchumaa, au mzee anayeswali kwa uchungu, asione haya kutafuta kigoda kirefu au kiti.

Jambo la mwisho ni dogo, na ndilo husahauliwa. Kwenye kadi ya mgonjwa paandikwe jina kamili la dawa na kipimo chake, goti lililodungwa, kiasi na rangi ya ute uliovutwa, na tarehe. “Sindano ya goti, imechomwa” haimsaidii daktari atakayempokea mgonjwa huyo miezi mitatu baadaye, katika mkoa mwingine, akiwa na goti lililovimba tena.